Maya si Njozi: Hoja Dhidi ya Tafsiri ya Mkato

Miongoni mwa kauli zinazorudiwarudiwa katika uhakiki wa fasihi ya Bara Hindi, hapana inayotolewa kwa utulivu mkubwa kuliko hii: kwamba kwa mujibu wa Uhindu dunia ni maya, na kwamba maya maana yake ni njozi. Kauli hiyo hukutwa katika tasnifu za uzamili, katika dibaji za mihadhara, na katika tanbihi ambazo mwandishi wake hakuona haja ya kuzitafutia ushahidi. Hutajwa kama vile mtu atajavyo kwamba maji huteremka mlima. Akishaisema, mhakiki huona kazi yake imekwisha: mhusika akikata tamaa, ni maya, akiikimbia familia yake, ni maya, riwaya ikikosa kumalizika kwa namna inayompendeza msomaji, hiyo nayo ni maya.

Makala haya yanashikilia kwamba nusu ya kwanza ya kauli hiyo, kwa jinsi inavyotumiwa, ni mali ya madhehebu machache tu miongoni mwa mengi, na kwamba nusu ya pili haiwi sahihi hata kwa mwanafalsafa anayesingiziwa zaidi kuwa mwenyewe. Tena yanashikilia jambo zito zaidi: kwamba mhakiki wa Kiafrika anayeirudia kauli hii amekopa, pengine bila kujua, mizani ileile iliyotumiwa kumpimia yeye na bara lake.

Na tuanze na neno lenyewe, kwa sababu wanaolitumia aghalabu hawakupata kuliuliza litokako. Katika Rigveda, iliyo kongwe kuliko maandiko mengine yote ya Kisanskriti, maya si njozi. Ni uweza, ni ustadi wa ajabu wa kuleta umbo ambalo halikuwako. Upo utenzi wa kumsifu Varuna unaotaja maya yake kuu, na papo hapo unaeleza maya hiyo ilifanya nini: kwayo Varuna, akiwa amesimama katika anga, aliipima dunia kwa jua kama mtu apimavyo kwa kipimo. Wataalamu wengi wa lugha hiyo wamelihusisha neno maya na mzizi wenye maana ya kupima, na utenzi huo unaonyesha kwamba uhusiano huo, uwe wa asili ama wa sauti tu, ulikwisha sikika masikioni mwa washairi wenyewe. Mahali pengine Indra asemwa kwamba kwa maya zake hutembea katika sura nyingi. Ni kweli pia kwamba maadui wa miungu wana maya zao, na hizo ni hila na werevu wa vitani. Indra humshinda Shushna mwenye hila kwa hila. Kwa hivyo maana ya udanganyifu imo tangu mwanzo, na hakuna haja ya kuificha. Lakini imo kama tawi. Anayeweza kudanganya kwa umbo ni yule anayeweza kwanza kulifanya umbo, na ni uweza huo wa kufanya ndio uliotajwa na washairi hao wa kale.

Katika Upanishadi za mwanzo neno hili ni nadra kuliko watu wanavyodhani. Katika Brihadaranyaka, ambayo ni ndefu kuliko nyingine nyingi, linaonekana pale tu unaponukuliwa ule mstari wa Rigveda kuhusu sura nyingi za Indra. Ni katika Shvetashvatara ambamo linapata hadhi ya kifalsafa, na hapo msomaji huambiwa aitambue maumbile kuwa maya, na amtambue Mola Mkuu kuwa mwenye maya hiyo. Kifungu hicho hakisemi kwamba maumbile hayapo. Kinasema yana mwenyewe. Bhagavad Gita nayo, katika sura ya 7, humfanya Krishna aseme kwamba maya yake ni ya kimungu na ni ngumu kuvukwa. Na katika sura ya 4, kwamba yeye huzaliwa duniani kwa maya yake mwenyewe. Mtu anayesoma kauli hizi mbili pamoja hawezi kuweka neno njozi katika ile ya pili bila kuivuruga: Krishna asingekuwa anazaliwa ili kuinusuru haki, angekuwa anaota tu kwamba anazaliwa, na vita vyote vya Kurukshetra vingegeuka porojo.

Hapa ndipo watetezi wa tafsiri ya mkato hukimbilia kwa Shankara, mwalimu wa Advaita ambaye wataalamu wengi humweka katika karne ya 8. Kwani si yeye aliyetoa mfano wa kamba na nyoka? Mtu apita njiani gizani, aona nyoka, aruka kwa hofu. Taa ikiletwa, kumbe ni kamba. Basi, husema mhakiki, dunia ndiyo nyoka, na nyoka hayupo.

Mfano huo ni maarufu mno hata umewazuia watu kusoma yaliyoandikwa kandokando yake. Shankara aliandika ufafanuzi wa Brahmasutra, na katika sehemu ya pili ya sura ya pili anajadiliana na wale Wabudha waliofundisha kwamba vitu vya nje ni mawazo tu, sawa na vionwavyo usingizini. Mtu angetarajia Shankara awakumbatie kama ndugu. La hasha. Anawapinga, na hoja yake ni kwamba hali ya kukesha haifanani na ndoto, kwa sababu kilichoonwa ndotoni hukanushwa mtu anapoamka, ilhali nguzo iliyoonwa na mtu aliye macho haikanushwi na hali yoyote ya kawaida. Na katika sehemu ya pili ya sura ya tatu, mahali pekee ambapo Brahmasutra yenyewe hutumia neno maya, kinachozungumzwa ni nini? Ni ndoto. Shankara hueleza hapo kwamba viumbe vya ndotoni ndivyo maya tupu, tofauti na mbingu na ardhi, ambavyo husimama imara hadi mtu atakapoijua Brahman. Anaongeza, ni kweli, kwamba hata mbingu na ardhi hazina ukweli wa mwisho. Lakini mwanafalsafa aliyechukua taabu ya kutenga ngazi ya ndoto na ngazi ya maisha ya kukesha, akaandika kurasa za kuwalaumu waliozichanganya, leo hii anatajwa kama shahidi mkuu wa kwamba maisha ni ndoto!

Msimamo wake ni mgumu zaidi kuliko njozi, na ugumu huo ndio thamani yake. Nyoka wa kwenye kamba hawezi kuitwa kitu kilichopo, maana taa humwondoa. Wala hawezi kuitwa kitu kisichopo kabisa, kama pembe za sungura, maana pembe za sungura hazijapata kumrusha mtu njiani. Kwa hivyo wafuasi wa Advaita wakasema kwamba maya haielezeki, si kuwapo na si kutokuwapo. Shankara mwenyewe hupendelea zaidi neno avidya, yaani kutojua, kuliko maya. Swali lake halikuwa iwapo dunia ipo. Lilikuwa ni kwa nini mtu hulichukulia jambo kuwa jingine. Kuna mwanafalsafa wa kabla yake, Gaudapada, ambaye alizisogeza ndoto na kukesha karibu mno, na mhakiki anayetaka njozi anaweza kwenda kwake akapata kitu cha kunukuu. Lakini basi amtaje Gaudapada, na asimtaje pamoja na umati wote wa Wahindu tangu zama za Veda hadi leo.

Umati huo, kwa hakika, uliteta. Ramanuja wa kusini mwa Bara Hindi, mwalimu wa karne za 11 na 12, alitoa pingamizi saba dhidi ya fundisho hilo la kutojua, na mojawapo ingali inaumiza vichwa. Kutojua huko, aliuliza, kunakaa wapi? Kukiwa ndani ya nafsi ya mtu, nafsi hiyo iliyo tofauti na Brahman imesemwa kuwa ni zao la kutojua. Itakuwaje zao limbebe mzazi wake kabla halijazaliwa? Na kukiwa ndani ya Brahman, Brahman ni ujuzi wenyewe. Itakuwaje mwanga uwe makazi ya giza? Kuhusu neno maya alikuwa mkali zaidi. Akiifafanua Gita, alieleza kwamba maya haimaanishi uongo. Neno hilo, asema, hutumiwa kwa silaha za ajabu za majitu, na silaha hizo hujeruhi. Hata mfanya mazingaombwe huitwa mwenye maya kwa sababu kwa fasihi ya maneno yake na kwa dawa zake huzalisha fikra fulani kichwani mwa mtazamaji, na fikra hiyo imezalishwa kweli, hata kama kitu kinachofikiriwa hakipo. Maya ni kile kilicholeta matokeo ya ajabu. Baadaye, katika karne ya 13, Madhva wa Udupi akaenda mbali kuliko Ramanuja: dunia ni kweli, nafsi ni nyingi na ni kweli, na zipo tofauti tano zisizofutika, kati ya Mungu na nafsi, Mungu na maada, nafsi na nafsi, nafsi na maada, na maada na maada. Kwa wafuasi wake, kumwita mtu mwalimu wa maya lilikuwa tusi.

Ni wazi basi kwamba anayefasiri maya kwa neno njozi hafasiri. Anahukumu kesi iliyodumu zaidi ya miaka elfu moja, na anaihukumu bila kuwasikiliza washitakiwa, kisha anaiita hukumu yake kamusi.

Imekuwaje hukumu hiyo ikaenea? Historia yake inajulikana, na haina siri. Mwaka 1657 mwanamfalme Dara Shikoh wa ufalme wa Mughal alikamilisha tafsiri ya Upanishadi 50 kwa Kiajemi, kwa msaada wa wanazuoni wa Banaras. Miaka miwili baadaye aliuawa kwa amri ya nduguye Aurangzeb. Tafsiri hiyo ya Kiajemi ikafika mikononi mwa Mfaransa Anquetil-Duperron, naye akaigeuza Kilatini na kuichapisha mwaka 1801 na 1802. Kilatini hicho ndicho kilichosomwa na Arthur Schopenhauer kuanzia mwaka 1814. Schopenhauer hakujua Kisanskriti. Alipata fikra za Kihindi baada ya kupita kwa mwanamfalme Mwislamu aliyekuwa akitafuta umoja wa Mungu, na kwa Mfaransa aliyekuwa akitafuta hekima ya kale; kisha yeye mwenyewe, aliyekwisha msoma Kant, akatafuta ndani yake uthibitisho wa tofauti kati ya kitu kinavyoonekana na kitu kilivyo. Katika kitabu chake kikuu kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1818 alilitaja mara kwa mara pazia la Maya, na usemi huo ukapendwa Ulaya nzima. Pazia! Varuna alikuwa na kipimo. Shankara alikuwa na kamba. Mjerumani akaleta kitambaa. Mhakiki anayeandika leo kuhusu pazia la Maya akidhani ananukuu wahenga wa Bara Hindi ananukuu Frankfurt.

Hayo yangekuwa makosa ya kawaida ya wasafiri na wafasiri, na pengine yangesamehewa, lau hayangeingia katika mikono ya G. W. F. Hegel. Katika mihadhara yake kuhusu falsafa ya historia, aliyoianza mwaka 1822 na iliyochapishwa mwaka 1837 baada ya kifo chake, Hegel alieleza kwamba roho ya Bara Hindi imo katika hali ya kuota. Mhindi, kwa maelezo hayo, hawezi kuutenga ulimwengu na mawazo yake, na kwa sababu hiyo hawezi kuandika historia wala kuunda dola yenye uhuru. Ni nani asiyeijua mihadhara hiyo? Ni mihadhara ileile, ndani ya jalada lilelile, ambamo Afrika iliwekwa nje ya historia na Mwafrika akaelezwa kama mtoto asiye na fahamu ya jambo lolote la jumla. Hakuna idara ya fasihi Afrika Mashariki ambayo haijazikebehi kurasa hizo za Afrika. Wanafunzi hufundishwa kuzitaja kwa hasira, na hasira hiyo ni haki. Lakini geuza kurasa chache, ufike Bara Hindi, na hasira hupoa. Wale wale waliokataa kuwa watoto wa Hegel hukubali, bila kigugumizi, kwamba jirani zao ni waotaji wa Hegel.

Albert Schweitzer aliirithi hukumu hiyo na kuipa sura ya upole. Katika kitabu chake kuhusu wanafikra wa Bara Hindi, kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1935, aliigawa dunia kati ya fikra zinazoikubali dunia na maisha na zile zinazoyakana, akaziweka nyingi za Bara Hindi katika fungu la pili. Ikumbukwe kwamba daktari huyu alikuwa ameishi Lambaréné, Gabon, tangu mwaka 1913, na kwamba upole wake kwa Waafrika ulikuwa ni upole wa kaka mkubwa. Sarvepalli Radhakrishnan alimjibu kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 1939, na hoja yake kuu haijapata kujibiwa vyema: watu wanaodhani dunia ni njozi hawaandiki vitabu vingi hivyo vya sheria, sarufi, tiba, hesabu na siasa.

Tuje sasa katika fasihi yenyewe, ambako ndiko uharibifu unakotendeka. Kipo kisa cha Narada, chenye matoleo mengi, na ambacho Swami Vivekananda alikisimulia katika mihadhara yake ya London mwaka 1896. Narada anamwomba Krishna amwonyeshe maya. Siku kadhaa zinapita, kisha wawili hao wanasafiri kuelekea jangwani. Krishna anasema ana kiu, na anamwomba Narada amtafutie maji. Narada anafika kijijini, anabisha mlango, na binti mzuri anamfungulia. Maji yanasahauliwa. Anaposa, anaoa, anazaa watoto, mkwewe anakufa, yeye anarithi mashamba na mifugo. Miaka 12 inapita. Kisha mafuriko yanakuja usiku. Anamshika mke kwa mkono mmoja na watoto wawili kwa mkono wa pili, na mwingine anambeba mabegani. Mkondo unamnyang'anya mmoja baada ya mwingine, hadi naye anatupwa ukingoni akilia. Hapo anasikia sauti nyuma yake ikimwuliza maji yako wapi, kwani nimekungoja karibu nusu saa.

Mhakiki wa njozi hukisoma kisa hiki na kutangaza: mnaona, familia ni ndoto. Usomaji huo hauangalii kiu. Krishna bado ana kiu. Maji bado yanatakiwa. Nusu saa imepita kweli, na kuna mtu aliyengojeshwa. Kama kila kitu katika kisa hiki ni njozi, basi na swali la mwisho ni njozi, na kisa kinakosa mgongo. Kinachomtia Narada aibu ukingoni si kwamba alipenda kisichopo. Ni kwamba alitumwa akasahau. Na machozi yake hayakuelezwa popote kuwa ya uongo. Msimulizi angeweza kuyafuta mafuriko kwa sentensi moja ya dhihaka, lakini alichagua kutaja mkono wa mke ukiponyoka kabla ya Narada kutupwa ufuoni. Mtu asimuliaye hivyo hadharau upendo wa mzazi. Vivekananda mwenyewe, katika mihadhara hiyohiyo, alisisitiza kwamba maya si nadharia ya kuieleza dunia, bali ni taarifa ya jinsi mambo yalivyo: kwamba binadamu anajua atakufa na bado huishi kama asiyekufa, kwamba mama humpenda mtoto asiye na shukrani na hawezi kuacha. Hiyo ndiyo maya kwake, ukinzani tuishimo.

Rabindranath Tagore naye amepata madhara ya aina hiyo. Gitanjali yake ya Kiingereza ilitoka mwaka 1912, na mwaka uliofuata alipata Tuzo ya Nobel. Tangu hapo amekuwa akisomwa kama mzee mwenye ndevu anayeaga dunia. Lakini shairi la 71 la mkusanyo huo, ambamo neno maya limetajwa waziwazi, lahusu jambo jingine. Maya pale ni tendo la Mola la kujigawa, kuweka mpaka ndani ya nafsi yake mwenyewe, kisha kuiita sehemu iliyotengwa kwa sauti nyingi. Na huko kutengana ndiko kunakoleta rangi, vicheko, machozi na matumaini ya ulimwengu. Shairi la 73, kurasa chache mbele, linaukataa wokovu unaopatikana kwa kuikana dunia na kufunga milango ya hisi. Mhakiki aliyekwisha amua kwamba maya ni njozi hulazimika kuyaona mashairi haya mawili kama yanapingana. Hayapingani hata kidogo kwa msomaji anayejua kwamba Tagore alisimama karibu zaidi na washairi wa mapenzi ya kimungu wa Bengali kuliko na Advaita ya Shankara. Upande wa pili yupo Raja Rao, ambaye aliipa riwaya yake ya mwaka 1960 jina la Nyoka na Kamba, akiukabili msimamo wa Shankara moja kwa moja kupitia kwa msomi Ramaswamy na ndoa yake inayovunjika Ufaransa. Hapo Shankara ana haki ya kuitwa shahidi. Kumwita katika kesi ya Rao ni uhakiki. Kumwita katika kesi ya Tagore ni uvivu.

Jambo linaloshangaza zaidi ni kwamba mhakiki wa Nairobi hahitaji kusafiri ili apate ushahidi. Miongoni mwa Wahindu wa Kenya wamo wengi wenye asili ya Gujarati wanaofuata mafundisho ya Swaminarayan, yaliyohifadhiwa katika Vachanamrut, mazungumzo ya kati ya mwaka 1819 na 1829. Mafundisho hayo huhesabu mambo matano ya milele, na maya ni mojawapo ya hayo matano. Ni kitu kilichopo, cha milele, ambacho kwacho ulimwengu hufanyika. Wamo wafuasi wa Vallabha, ambao kwao dunia ni Brahman yenyewe ikijidhihirisha, na maya ni uweza wake. Wamo wa Arya Samaj, waliojiunda Nairobi tangu mwaka 1903, na ambao mwasisi wa jumuiya yao, Dayananda Saraswati, aliipinga waziwazi Advaita na kufundisha kwamba Mungu, nafsi na maada ni vya milele vyote vitatu. Hakuna hata moja kati ya mapokeo haya linalofundisha kwamba dunia ni ndoto. Mhakiki akiandika kwamba kwa Wahindu dunia ni njozi, ameandika jambo ambalo muuza duka anayemuuzia karatasi angeweza kulikanusha.

Pana kishawishi kingine, ambacho ni cha wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hasa, nacho ni kuilinganisha maya na dunia ya Al-Inkishafi. Ulinganisho huo unavutia. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anaionya nafsi yake dhidi ya hadaa ya dunia, na magofu ya Pate yapo mbele ya macho yake. Lakini hadaa ya Al-Inkishafi ni ya kitu kilichoumbwa kweli na kinachopita kweli. Majumba yalikuwa majumba, taa ziliwaka, wenyewe walikula na kunywa humo, kisha popo wakaingia. Nguvu yote ya utenzi huo iko katika ukweli wa kile kilichopotea. Mtu akisema Pate ilikuwa njozi tangu mwanzo, ameubomoa utenzi kuliko wakati ulivyoyabomoa majumba. Kama ni lazima kumtafutia Sayyid Abdalla mwenzake katika Bara Hindi, huenda Madhva, aliyeshikilia tofauti isiyofutika kati ya Mola na kiumbe, angekaa naye barazani kwa raha zaidi kuliko Shankara. Na hata hapo wangetofautiana kwa mengi kabla kahawa haijapoa.

Litasemwaje basi neno hili kwa Kiswahili? Lugha hii imekwisha pokea yoga na karma bila kuumia, na hapana sababu ya kuikatalia maya nafasi katika ngeli hiyohiyo: maya ya Varuna, maya za Indra, maya isiyoelezeka. Lakini mfasiri anayelazimika kutafuta neno la ndani asiende kwenye njozi, wala ndoto, wala mazigazi, maana yote hayo yanamweka mtazamaji peke yake na jicho lake. Uweza litafaa kwa Rigveda na kwa Gita. Kutojua litafaa kwa Shankara, japo hilo ni avidya zaidi. Kiinimacho na mazingaombwe yanakaribia kuliko yote pale mfano ni wa mfanya miujiza, kwa sababu katika maneno hayo yupo mtendaji, upo ufundi wake, na ipo hadhira iliyokusanyika uwanjani. Na hadhira hiyo, itakapotawanyika jioni, itakuwa imelipa kiingilio kwa sarafu halisi.